SOMO: Sura ya Kwenye Simu (Mwanzo 27 na 29)



Vijana wetu hapa Gisenyi wanatumiana picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza, dada anang'aa kama bibi arusi, ya pili ni yeye yule asubuhi, na maneno, "Tulipokutana." Tunacheka, na kucheka si dhambi. Yakobo naye alitumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli. Kulipokucha, kumbe ni Lea!

Lakini turudi sura ya 27. Yakobo huyo huyo alivaa nguo za Esau, na ngozi za mbuzi mikononi na shingoni. Isaka, ambaye macho yake hayakuona tena, aliitambua sauti, ila akaamini mikono.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Binti anaandikiwa na "mchumba" wa Kanada mwenye picha nzuri (pengine si yake), halafu anaombwa pesa za kuharakisha dosie. Wazazi, mwambieni: HCR haiuzi nafasi ya kuhamia nchi ya tatu. Asitume pesa wala picha ya kitambulisho chake cha ukimbizi.

Vikundi vya nyumbani vitaendelea na 1 Samweli 16:1-13, Samweli alipomtazama Eliabu.