Ini la Kaka, na Wewe Unayetazamwa

Mdogo wangu wa Morogoro, ujumbe wako umefika. Kaka mkubwa ana saratani ya ini. Shemeji yako amesikia kwamba huko nje madaktari wanachukua kipande cha ini pamoja na uloto wa mtu mmoja, wanampandikiza mgonjwa, na saratani inaisha. Ukoo umeshakaa kikao, kiwanja cha Kihonda kinatafutiwa mnunuzi, na kwa kuwa damu yako ni kundi moja na ya kaka, wewe ndiye uliyeteuliwa kutoa. Kukuuliza hawajakuuliza. Sasa wataka kujua kama kuogopa ni roho mbaya.

Si roho mbaya. Lakini tuanze na huo uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, maana shemeji ameokota nusu ya habari.

Mwaka 1998, katika hospitali ya Massachusetts General huko Boston, madaktari walimpandikiza mgonjwa figo na uloto wa ndugu yake kwa pamoja. Mgonjwa yule alikuwa na myeloma, saratani inayoanzia ndani ya uloto wenyewe, na figo zilikuwa zimeshaharibika. Kwake uloto mpya ulikuwa na kazi mbili: kupambana na saratani, na kuuzoesha mwili uipokee figo ngeni. Saratani ya kaka haikuanzia kwenye uloto, mdogo wangu. Imeanzia kwenye ini. Kazi inayobaki kwake ni ile ya pili.

Nayo si ndogo. Aliyepandikizwa kiungo hunywa dawa za kushusha kinga, kwa kawaida maisha yake yote, na kinga hiyohiyo ndiyo inayowinda chembe za saratani zilizojificha. Thomas Starzl, daktari wa Denver, alimpandikiza ini mtoto mdogo mwaka 1967. Mtoto aliishi zaidi ya mwaka, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kisha saratani ya ini aliyokuwa nayo ikarudi ikamuua. Ndiyo maana wataalamu wanatamani sana mgonjwa aishi na ini jipya bila dawa hizo. Mwaka 2008 wale wa Boston walitangaza kwamba kati ya wagonjwa watano waliopewa figo na uloto wa ndugu wasiofanana nao kikamilifu, wanne waliweza kuacha dawa. Ila hizo ni figo, tena si za wagonjwa wa saratani ya ini. Kwa ini, jambo hili bado ni utafiti.

Kuna na bei yake mwilini. Kabla ya kupokea uloto mgonjwa hupewa dawa kali, pengine na mionzi, wakati ini lenye saratani mara nyingi limeshakakamaa kwa makovu. Kisha kinga inayozaliwa na uloto wa kupewa inaweza kumgeukia mpokeaji, ikashambulia ngozi na utumbo. Mlinzi uliyemwajiri anamkamata mwenye nyumba.

Kwa hiyo kikao kiache uloto kiulize vipimo. Uvimbe una sentimita ngapi? Uko mmoja au mingi? Umeingia kwenye mishipa ya damu, umetoka nje ya ini? Mwaka 1996 Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan walionyesha kwamba kupandikiza ini hufaa ukiwapo uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au isiyozidi mitatu na kila mmoja usizidi sentimita 3. Kati ya wagonjwa wao 48, asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka minne. Kipimo hicho bado kinatumika duniani. Kuuza kiwanja kabla ya kusoma majibu ya kipimo cha CT ni kukimbia na nauli bila kujua basi linaenda wapi, na shemeji aambiwe hivyo, kwa adabu.

Sasa wewe. Mtu mzima akimpa mtu mzima mwenzake ini, kwa kawaida hukatwa upande wa kulia, zaidi ya nusu. Linalobaki hukua tena ndani ya miezi michache. Hata hivyo ni upasuaji mkubwa: inakadiriwa kwamba kati ya watoaji 1,000, wawili hadi watano hufariki. Kutoa uloto ni kwepesi kuliko hapo. Huvutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga ukiwa umelazwa usingizi, ukabaki na maumivu ya siku kadhaa.

Hospitali inayojiheshimu itakuona peke yako, bila mama wala shemeji. Hapo sema ya moyoni. Ukikataa, nyingi zitaiambia familia kwamba hufai kutoa, basi, bila kueleza zaidi. Na mkielekezwa India, sheria ya huko ya mwaka 1994 inakataza kuuza viungo, na mtoaji mgeni hupitishwa mbele ya kamati. Dalali akiwaambia atawapatia mtu wa kutoa, kimbieni.

Kuna jambo la kufanya wiki hii hii, kiwanja kiuzwe kisiuzwe. Saratani nyingi za ini kwetu huku chanzo chake ni homa ya ini B, na virusi vyake mama huweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Wewe na kaka ni tumbo moja. Pimeni nyote, pamoja na shemeji na watoto wake. Asiyenavyo apate chanjo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Atakayekutwa navyo aanze kliniki, na kwa kawaida ini lake halitachukuliwa. Yaani huenda mabishano yote yakaishia maabara! Na karanga zenye ukungu zitupwe, hata kuku wasipewe. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, nayo huleta saratani hii.

Ukiamua kutoa, uliza kwanza nani atawalea wanao miezi miwili mitatu ya kupona, na nani atalipa ukipata shida baada ya upasuaji. Wataje kwa majina kikaoni, mjomba aandike. Majibu ya CT yakitoka, nitumie hizo sentimita.