JINA LA KUNDI LENU NI LA NANI?

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee kuhusu majina. Wengi tunalichukulia poa hili jambo mpaka litukute.

Sisi tulikuwa wauzaji kumi na mmoja, wengine Kariakoo, wengine huku Posta. Kundi la WhatsApp moja, mzigo tunaagiza pamoja, jina moja, mpaka mifuko ya kitambaa tumechapisha. Kumbe mwenzetu mmoja kaenda kuomba lile jina liwe alama yake ya biashara, peke yake. Siku anatuma meseji kwamba tukitaka kuendelea kulitumia tumlipe kila mwezi, mimi nilicheka. Nilidhani utani.

Tulijiona tumelindwa kwa sababu tulikuwa na cheti cha jina la biashara. Hapo ndipo tulipokosea. Vyote viwili unaviombea BRELA, ila havifanani. Jina la biashara linaonyesha nani anafanya biashara hiyo. Kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine asilitumie kwenye bidhaa kama zako ni alama ya biashara, chini ya sheria ya 1986. Unaiomba kwa aina ya bidhaa (nguo ni daraja la 25), inakulinda miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka 10.

Na ombi halipiti kimyakimya. Linatangazwa kwenye jarida la BRELA, na mwenye pingamizi anapewa siku 60. Sisi hata kuwa kuna jarida hatukujua! Siku zikapita. Kupigania alama iliyoshasajiliwa kunahitaji wakili, hela hatuna. Tukabadili jina, mifuko ikabaki store.

Wenye Linux nao yaliwakuta. Ile ni programu huria, imejengwa na watu wengi wa kujitolea. Mwaka 1994 huko Marekani mtu mwingine kabisa aliomba jina Linux liwe lake, akalipata, akaanza kudai kampuni zimlipe. Wakampinga, na 1997 jina likaenda kwa Linus Torvalds, mwanzilishi wake. Programu kuwa ya wote hakukufanya jina liwe la yeyote.

Kwa hiyo kabla hamjachapisha hata stika, andikisheni kampuni au chama, ombi la alama liingie kwa jina la hicho chombo. Kundi la WhatsApp kisheria si mtu, haliwezi kumiliki kitu. Na muandikiane kabisa: anayetoka, jina analiacha.

Sisi nasi tusiwafanyie wengine hivyohivyo. "Nauza simu za Samsung" ni sawa, kama kweli unaziuza. Akaunti kuiita "Samsung Kariakoo" ni kumfanya mteja aamini wewe ni wakala wao. Mnaotengeneza duka kwa WordPress, nalo ni programu huria, wenye jina hawaruhusu neno hilo zima kwenye anwani ya tovuti yako. "WP" ruksa.

Halafu kuna wanaopeleka mzigo na boti hapo bandarini kwenda Zanzibar: alama ya BRELA inaishia bara. Kule unaomba upya, BPRA.