SOMO: Neno "kiwewe" maana yake nini?



Neno kiwewe linasikika mara nyingi katika mikutano yetu, lakini wengi wanalielewa kama wazimu. Siku moja mwezeshaji aliuliza kikundi cha watu waliokimbia vita: "Nani kati yenu ana kiwewe?" Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza tena: "Nani halali usiku sababu ya mambo aliyoona?" Hapo akina mama karibu wote wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine.

Kwa asili, kiwewe ni hali ya kuduwaa na kuchanganyikiwa kwa sababu ya jambo la ghafula. Mtu aliyeshikwa na kiwewe anakimbia akibeba sufuria tupu, na pesa zinabaki nyumbani. Watu wa Goma wanajua hali hiyo tangu tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipomwaga moto hadi mjini. Kiwewe cha namna hiyo kinaweza kupita. Lakini neno hilo linatumiwa pia kutafsiri traumatisme ya Kifaransa, neno lililotoka katika Kigiriki na ambalo maana yake ni jeraha. Basi neno moja linabeba mambo mawili: mshtuko wa saa ile, na kidonda kinachobaki miezi ao miaka.

Ndiyo sababu wengine wanasema "jeraha la moyo". Mimi napenda usemi huo, maana hakuna anayemcheka mtu mwenye jeraha, na kila mtu anajua kwamba jeraha likitunzwa linapona. Katika Kinyarwanda, kinachosemwa pia Rutshuru na Masisi, kuna ihahamuka: pumzi kukatika kwa hofu.

Tusichanganye kiwewe na huzuni ya mfiwa, ambayo si ugonjwa. Uchungu nao ni maumivu yanayokaa karibu na hasira. Wanaotafuta vijana wa kulipiza kisasi wanajua vizuri kuuchochea. Kiongozi anayeusikia mapema anaweza kuzuia mengi. Na mtu akisema "niko na mawazo mengi", usimjibu "acha kuwaza". Muulize: Mama, unalala? Unakula? Ni kitu gani kinakurudia kichwani?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 hivi kati ya 5 ana ugonjwa wa akili, mwepesi ao mzito. Wale wengine wanne wanaweza kuteseka pia, lakini mara nyingi wanachohitaji kwanza ni usalama, chakula na jirani wa kuwasikiliza. Kwa hiyo usisome orodha ya "wenye kiwewe" mbele ya watu. Msichana aliyeitwa hivyo leo, kesho kwenye bomba la maji ataitwa mwenda wazimu. Lakini anayesema anataka kufa, ao asiyeweza tena kutunza watoto wake, asindikizwe upesi kwenye kituo cha afya na mtu anayemwamini.

Zoezi la kikundi: Ulizeni wazee namna mtu huyu anavyosemwa katika Kinande, Mashi, Kihunde ao Kifulero. Je, neno hilo linataja kichwa, moyo ao pumzi? Lina aibu ndani yake? Liandikeni, mlilete katika mkutano ujao.