Meno ya Kahawia Yanatoka kwenye Maji

Kijana wa Naivasha, Kenya, akienda kusoma mbali na kwao, mara nyingi huulizwa kwa nini hapigi mswaki. Anapiga, tena asubuhi na jioni. Rangi ile ya kahawia haikugandia juu ya jino. Imo ndani yake, na iliingia jino likiwa bado halijachomoza ufizini. Asilaumiwe, wala asiyasugue meno kwa mchanga au makaa, maana atayakwangua bure.

Inayoleta rangi hiyo ni floraidi, madini ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ambayo huyeyuka katika maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi virefu vya Naivasha, Gilgil na Nakuru hupita hapo, na maji yake ni maangavu, hayana harufu. Bangladesh nako watu walichimbiwa visima ili waepuke maji machafu ya madimbwi. Mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba vingine vina sumu ya aseniki. Kwa macho huwezi kujua; ni maabara tu inayoweza kukwambia kama maji ya kisima ni salama.

Mtu mzima hutoa sehemu ya floraidi kwa mkojo. Nyingine hubaki mifupani. Mtoto anayekua hubaki nayo zaidi. Meno yake ya ukubwani hujengeka hadi afike miaka 8 hivi, na yale ya mbele huharibika zaidi katika miaka 4 ya kwanza. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka na miaka huweza kukakamaa mgongo, shingo na magoti, na watu wakadhani ni uzee.

<b>Je, kuchemsha kunasaidia?</b>
Kunaua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo usiache. Lakini floraidi haichemki ikaisha. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki ileile katika maji machache. Dawa ya klorini pia haiiondoi.

<b>Tenga maji</b>
Ya kisima yafulie na uyaogee. Ya kunywa, ya uji, chai na githeri yawe ya mvua. Paa la mabati la mita mraba 20 likinyeshewa milimita 10 hutoa karibu lita 200, yaani mitungi 10. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi kwanza. Yakiwa haba, mtoto atangulie. Mnyonyeshe bila kumpa maji hadi miezi 6: maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji ya kisima.

Ukinunua maji ya mkokoteni wa punda Karagita au Kamere huko Naivasha, muulize mwenye punda ameyateka wapi. Visima viwili jirani huweza kutofautiana sana. Maharagwe nayo yaloweke usiku kucha badala ya kutia magadi, kwani magadi huweza kuwa na floraidi tele.

Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza machujio ya makaa ya mifupa ya ng'ombe, na yanafanya kazi. Ila makaa hayo hushiba. Yakishashiba, floraidi hupita nawe huoni tofauti. Siku ya kununua, uliza yabadilishwe baada ya mitungi mingapi, kisha uandike tarehe kwenye ndoo ya chujio.