Kununua Teleskopu ya Ndege kwa Ufuko wa Lipingo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ndege wengi wa Ziwa Nyasa hawasogei karibu ili uwaone vizuri. Ukisimama ufukweni Lipingo utaona mnandi wamejipanga juu ya mawe yaliyozungukwa na maji, buabua wakifuata usipa mbali na nchi kavu, na furukombe katua kwenye mti wa rasi ya pili. Binokula itakuonyesha kwamba pale kuna ndege. Teleskopu ndiyo itakayokuambia kama yule ni mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe au mnandi mdogo mwenye mkia mrefu. Tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe, na anayetaka kuifanya kwa fedha kidogo hana nafasi ya kununua kibaya halafu anunue tena.

Usinunue teleskopu kama huna binokula. Anza na binokula ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42. Hiyo ndiyo utakayoishika kila siku, msituni, shambani na ndani ya mtumbwi. Teleskopu ndani ya mtumbwi haina kazi kabisa: maji yanayumba, chombo kinayumba, na hutampata ndege hata mmoja.

Usidanganywe na namba kubwa. Hapa ndipo fedha za watu zinapoteketea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Utatangaziwa vibomba vya mfukoni vinavyodai kukuza mara 100, kwa bei ya kuku wawili watatu. Viache. Chukua namba mbili zilizoandikwa kwenye kifaa cha kweli, kwa mfano 20-60x60: kinakuza kuanzia mara 20 hadi mara 60, na kipenyo cha lenzi ya mbele ni milimita 60. Gawa kipenyo kwa ukuzaji. 60 kwa 20 ni 3, maana yake mwale wa mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 3, kiasi kinachotosha mboni ya jicho mchana. Sasa kuza hadi mara 60: mwale unabaki milimita 1. Picha inaingia giza, rangi zinafifia, na kila dosari ya kioo cha bei nafuu inajitokeza. Ndiyo maana mtazamaji mzoefu hukaa kati ya mara 20 na 35 karibu muda wote. Anayekuuzia kwa kusifia namba ya juu tu, muulize picha ikoje kwenye mara 20. Akishindwa kukujibu, ondoka.

Chagua lenzi ya mbele ya milimita 50 hadi 65. Ya 80 inakusanya mwanga zaidi alfajiri na jioni, lakini ni nzito, ni ghali, na inadai stendi nzito na ghali vilevile. Kwa mtu anayetembea kwa miguu ufukweni, Kowa TSN-501, ya 20-40x50, haifiki hata nusu kilo. Celestron Ultima 65, ya 18-55x65, ni kubwa zaidi na hukusanya mwanga zaidi. Nazitaja kama vipimo vya kulinganishia. Usinunue jina, nunua ulichokijaribu kwa jicho lako. Zile za Ulaya zinazozidi dola 3,000 ni nzuri kweli, ila hazituhusu hapa.

Chukua yenye kioo cha kutazamia kilichoinama, si iliyonyooka. Iliyoinama inakuruhusu kuweka stendi chini, na stendi iliyo chini haitikisiki ovyo. Pia mzee mrefu na mtoto wa darasa la tatu wataangalia kwa zamu bila kuigusa miguu ya stendi. Ukivaa miwani, hakikisha unaiona duara nzima ya picha bila kuivua.

Usitumie fedha zote kwenye teleskopu ukaisahau stendi. Kosa hili naliona kuliko jingine lolote, na linaniudhi, kwa sababu mnunuzi huishia kulaumu kioo kisicho na hatia. Unapokuza mara 30, humkuzi ndege peke yake. Mtikisiko nao unakuzwa mara 30. Kati ya Mei na Agosti kusi, ambao kandokando ya ziwa huitwa mwera, huvuma siku kadhaa mfululizo, na stendi nyembamba ya simu au ya kamera ndogo inatetemeka kama mwenye homa. Katika kila shilingi kumi ulizonazo, tenga nne kwa ajili ya stendi. Ukilazimika kupunguza, punguza kwenye teleskopu.

Stendi yenyewe ichague hivi. Ya aluminiamu inatosha. Ya kaboni ni nyepesi lakini utalipia wepesi huo. Isipungue kilo moja na nusu. Miguu iwe na vipande vitatu badala ya vinne au vitano, kwa kuwa kila kiungo ni mahali pa kulegea. Kichwa kiwe na mkono wa kuzungushia, kinachogeuka polepole na kubaki pale ulipokiacha. Usichukue kichwa cha mpira cha wapiga picha: ukilegeza kidogo tu, teleskopu inaanguka kifudifudi. Uwapo dukani, funga teleskopu juu yake, gonga mguu mmoja kwa kidole huku ukiangalia, kisha hesabu. Picha ikiendelea kucheza zaidi ya sekunde mbili au tatu, irudishe.

Ukiwa ufukweni, fungua kwanza vipande vinene vya miguu, vyembamba baadaye. Usinyanyue nguzo ya katikati. Ni ya dharura tu. Ning'iniza chini yake mfuko wenye mawe, nayo mawe Lipingo si ya kutafutwa. Mchanga ukiingia kwenye viungo, suuza na ukaushe siku hiyohiyo, kwani punje zilizobaki ndani zitakwangua hadi miguu ishindwe kukaza.

Usinunue ya mtumba bila tochi. Mulika ndani kupitia lenzi ya mbele. Ukiona nyuzi nyuzi mfano wa utando, hiyo ni kuvu, na inakula kioo. Itikise taratibu: kitu kikilia ndani, prizimu imelegea. Kisha toka nje ya duka, maana kuangalia kupitia kioo cha dirisha ni kupoteza muda, na utafute namba ya gari lililo mbali au nguzo nyeupe yenye kivuli nyuma yake. Zungusha kirekebisho: kuwe na mahali pamoja ambapo picha inakuwa kali kabisa. Kingo zikizungukwa na zambarau au kijani, kioo ni duni. Ukiagiza kutoka nje, ulizia ushuru na gharama za kusafirisha kabla hujalipa.

Iwe isiyopitisha maji. Kwenye joto na unyevu wa ziwa, wakati wa masika, teleskopu isiyozibwa vizuri huota ukungu ndani. Usiihifadhi ikiwa bado na unyevu.

Usiielekeze kwenye jua, kamwe, hata likiwa linazama. Lipingo ziwa liko magharibi, kwa hiyo jioni jua na ndege viko upande mmoja. Sekunde moja inatosha kuunguza jicho, na jicho lililoungua haliponi. Mtoto asiachiwe teleskopu peke yake baada ya saa kumi alasiri.

Fanya kazi yako asubuhi. Jua liko mgongoni kwako, maji yametulia, na mazigazi hayajaanza kupanda kutoka kwenye mchanga. Kufika saa tano, hata teleskopu ghali itakuonyesha ndege anayeyeyuka.

Usiielekeze kwa watu. Wanawake na watoto huoga na kufua ziwani, na bomba lililosimama juu ya miguu mitatu likitazama upande wao ni utovu wa adabu, hata kama wewe unamtazama ndege aitwaye fundichuma. Geuza kichwa cha stendi au hama. Kumbuka pia kwamba ziwa hili ni mpaka wa nchi. Kabla hujasimamisha kifaa chako, nenda kamsalimie mwenyekiti wa kijiji au afisa mtendaji, umweleze unachofanya, na umruhusu aangalie mwenyewe.

Ukishaipata, itumie kuhesabu. Kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini barani Afrika inayoratibiwa na Wetlands International, na ni majira ambayo vitwitwi kutoka Ulaya na Asia bado wako kwetu. Usikadirie kundi kwa macho matupu. Pitisha teleskopu polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha rudi kulia kwenda kushoto, na uandike hesabu zote mbili, pamoja na tarehe, saa, mahali na aina. Hesabu hizo zikipishana sana, pitisha mara ya tatu.