KUPUNGUA KWA UPEPO KATIKA BREKI NA MABEGI YA MAGARI MAKUBWA: SOMO KWA WASAFIRI WA KARATU NA NGORONGORO

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaokodi mabasi Tanga au Dar es Salaam kwa ajili ya ziara za Ngorongoro, pamoja na wenyeji wa wageni wanaosafiri kwa magari makubwa yenye malazi ndani yake, wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na madereva wao kabla ya kuondoka. Magari hayo mengi hutumia breki za upepo. Baadhi yake, badala ya springi za chuma, hukaa juu ya mabegi ya mpira yaliyojazwa upepo huo huo. Kompresa ni moja, nayo hulisha breki na mabegi. Hivyo basi begi lililotoboka nyuma ya gari ni jambo linalowahusu pia wanaotegemea breki.

Njia yenyewe haina huruma kwa gari bovu. Kutoka Mto wa Mbu barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hupita Rhotia na kufika Karatu, mji ulio yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baada ya Lango la Lodoare lami humalizika, na barabara ya udongo mwekundu hupanda kwa kona hadi ukingo wa Kreta, zaidi ya mita 2,200. Wanaoteremka ndani ya Kreta huhamia magari madogo yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Wakazi wa huko hawajaisahau tarehe 6 Mei 2017, siku ambayo basi la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ukurasa huu hausemi kwamba upepo ulihusika katika msiba ule. Unakumbusha tu jinsi miteremko hiyo ilivyo.

Kosa kubwa la utambuzi huko ni kuchanganya mambo mawili. Dereva aliyezoea mwambao huona mshale wa geji ukipanda polepole, akadhani pana mahali panapovuja. Mwingine gari lake linavuja kweli, lakini huambiwa na wenziwe kwamba ni mwinuko tu, akaridhika. Ukweli ni kwamba katika ukingo wa Kreta mgandamizo wa hewa umepungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kompresa huvuta hewa nyepesi, na tanki lililokuwa likijaa kwa dakika tatu Tanga litachukua karibu dakika nne. Lakini mwinuko huchelewesha kujaza tu. Hauwezi kuutoa tankini upepo uliokwisha kuingia. Kwa hiyo mtihani wa kweli hufanywa injini ikiwa imezimwa.

Gari liegeshwe mahali tambarare na magurudumu yazuiwe kwa magogo au mawe makubwa, mbele na nyuma. Injini iwashwe hadi upepo ufike kiwango chake cha juu, ambacho katika magari mengi ni karibu pauni 120 kwa inchi ya mraba, kisha izimwe na breki ya kuegeshea iachiwe. Mshale ukishatulia, dereva ahesabu dakika moja kwa saa. Madereva wa Marekani hufundishwa kwamba gari lisilo na tela lisipoteze zaidi ya pauni 2 katika dakika hiyo. Na pedali ikikanyagwa na kushikiliwa, baada ya ule mshuko wa kwanza, lisipoteze zaidi ya pauni 3. Kipimo hiki ni rahisi na kinafaa kwetu pia. Redio izimwe na abiria wakae mbali, maana sikio ndicho chombo cha kwanza cha fundi.

Upepo ukipungua pale tu pedali inapokanyagwa, shaka iangukie chemba za breki za magurudumu, mipira inayoziendea, au valvu ya mguuni. Ukipungua pedali ikiwa imeachwa, na uvujaji ukakoma breki ya kuegeshea inapofungwa, basi chemba zenye springi, au njia zake, ndizo za kuchunguzwa. Ukiendelea katika hali zote, tafuta katika matanki, maungio, kikaushio cha upepo na mabegi. Maji ya sabuni hupakwa kwa brashi kwenye kila kiungo, na penye povu linalokua ndipo penye kuvuja. Chemba yenye springi isifunguliwe njiani na mtu yeyote: springi iliyobanwa ndani yake ina nguvu ya kuua.

Mabegi yana ushahidi wao wenyewe, nao hupatikana kwa kulala nao. Jioni, gari likiwa limepumzika Karatu, pimeni kwa utepe umbali kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu, muuandike. Alfajiri pimeni tena kabla ya kuwasha injini. Pembe moja ikiwa imeshuka, chunguzeni begi la pembe hiyo, hasa pale mpira unapokunjwa, kwani vumbi la Karatu husaga hapo kama msasa. Ekseli nzima ikishuka sawasawa, itazameni valvu inayorekebisha kimo na mpira wake wa kulisha. Geji ikiwa imeanguka na kimo hakikubadilika, kosa huenda liko upande wa breki. Asubuhi za Karatu huwa na baridi, na mpira uliozeeka huvuja alfajiri ukaziba mchana jua likiwaka. Fundi atakayeitwa saa sita asishangae akikuta kila kitu kizima. Mwonyesheni vipimo mlivyoandika.

Hapa pana onyo lisilo na mjadala. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya mabegi mpaka chesi yake iwe imeegemezwa juu ya stendi imara. Begi likipasuka, au mpira ukichomoka, bodi hushuka papo hapo, na jeki peke yake haitoshi.

Matanki nayo yafunguliwe vizibo vya chini kila siku ili maji yatoke. Maji yakitoka mengi, kikaushio kimechoka. Yakitoka na mafuta, kompresa yenyewe inahitaji fundi.

Barabarani, taa au kengele ya onyo katika magari mengi hulia upepo ukishuka karibu na pauni 60. Madereva wengine hujifariji kwamba breki za springi zitashika zenyewe upepo ukiisha. Ni kweli kwamba zitashika, kwa kawaida kati ya pauni 45 na 20, lakini hushika kwa wakati wake si kwa wakati wa dereva, na kabla ya hapo huweza kuburura kidogo kidogo na kuunguza magurudumu wakati wa kupanda. Kengele ikilia, gari lisimamishwe mara moja mahali salama, wala lisisubiri kufika kilele. Wakati wa kuteremka kutoka ukingoni kwenda Lodoare, au kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu, dereva aingize gia nzito mapema na akanyage breki kwa uthabiti kisha aiachie. Kukanyaga-kanyaga bila kukoma humaliza upepo kuliko kompresa inavyoweza kurudisha, na gia huru ni marufuku.

Kiongozi wa msafara asimame karibu na dereva asubuhi hiyo, ahesabu naye ile dakika moja, na aandike tarakimu mbili za geji katika daftari la safari. Zikipita kipimo, abiria washuke na mizigo yao, na gari jingine liitwe kutoka Karatu.