Ngeli za Mahali: Wenzetu Wapo, Wako au Wamo Sokoni?

Viambishi vya mahali pa-, ku- na m- hufundishwa mara nyingi kwa jedwali, na jedwali hilo husahaulika kabla muhula haujakwisha. Sisi tutaanza na safari.

Wanachuo tulioandamana nao waliondoka Kasese asubuhi, wakapinda Kikorongo karibu na Ikweta, wakapita Bwera hadi Mpondwe, ambako mto Lhubiriha hutenganisha Uganda na Kongo. Baada ya hati zao kukaguliwa, walivuka daraja kuingia Kasindi. Kazi yao ilikuwa kuutembea mji huo wa kigeni wawili wawili na kuandika kila sentensi ya Kiswahili iliyotaja mahali.

Kabla ya saa sita, wawili hawakuonekana. Mwenzao mmoja akamwendea mama muuza vitenge: “Jambo, mama. Umewaona wenzetu wawili wenye sare kama hii?” Mama akajibu, “Bako mu soko.” Mwanachuo akaliandika jibu hilo daftarini, akalipigia mstari mwekundu, kisha akaanza kulizunguka soko kwa nje, kibanda hadi kibanda. Saa nzima ikapita. Wenzake walikuwa katikati ya soko, mbele ya magunia ya chumvi ya Katwe.

Yule mama alikuwa amemwambia kila kitu. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, bako ni umbo la kawaida la “wako”, nalo halibainishi aina ya mahali. Kinachobainisha ni mu: ndani. Angetaka kusema upande wa sokoni kwa jumla, angesema ku soko. Mwanachuo alikuwa mwepesi wa kusahihisha, akasahau kusikiliza.

Kiswahili sanifu hubeba taarifa hiyo hiyo, ila huiweka pengine. Kiambishi -ni katika sokoni hakitofautishi ndani, karibu wala mbali. Tofauti huonekana katika maneno yanayopatana nalo. Linganisha:

Sokoni pamesimama lori la ndizi.
Sokoni kumechangamka leo.
Sokoni mmejaa harufu ya samaki.

Nomino ni ile ile. Katika sentensi ya kwanza tunaonyeshwa mahali dhahiri. Katika ya pili, eneo lisilo na mipaka. Katika ya tatu, tumo ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa wapo, wako na wamo. Mwalimu anayetumia wako kila mara hakosei sana, lakini humnyima msikilizaji nusu ya habari. Kama mama yule angezungumza Kiswahili sanifu, jibu lenye uzito ule ule lingekuwa “Wamo sokoni.”

Mwanafunzi wa Bwera ana mtaji ambao vitabu vingi havimhesabii. Katika Lhukonzo, kama ilivyo katika Kinande ng’ambo ya mto, nomino ya mahali hutanguliwa na omo au oko, na kitenzi kinachoifuata huweza kuanza kwa mw- au kw-. Upatanisho wa mahali, basi, anao tangu nyumbani. Kigeni kwake ni ile -ni ya mwishoni. Tuanzie hapo, tusianzie kwenye jedwali. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na mwaka huo huo Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watoto watakaosema “mu soko” darasani watakuwa wengi. Katika mtihani hatutalikubali umbo hilo. Katika mazungumzo, tulielewe kwanza.

Zoezi
1. Eleza tofauti ya maana: Chuoni pana wageni, Chuoni kuna wageni, Chuoni mna wageni.
2. Andika kwa Kiswahili sanifu, bila kupoteza maana ya mu na ku: Bako mu nyumba. Bako ku mto.
3. Mwanafunzi wako ameandika “Mu darasa bako watoto.” Andika maneno utakayomwambia kabla ya kushika kalamu nyekundu.